Zulia langu linanuka tangu nilioshe: nirudie mwenyewe, nimpe kijana wa magari au nilipe kampuni?

“Naishi Kigamboni na nina mazulia mawili sebuleni. Moja ni la manyoya marefu, rangi ya maziwa, mita mbili kwa tatu, nililinunua Kariakoo miaka miwili iliyopita. La pili ni jekundu la sufu ya kondoo, la marehemu mama, aliletewa kutoka Maskati kabla sijazaliwa. Mwezi wa nne niliosha la manyoya uani kwa sabuni ya unga na jiki kidogo, nikalitundika ukutani. Lilikaa siku tatu ndipo likakauka, likatoka na harufu ya uvundo na utepe wa rangi ya chai upande wa chini. Wiki mbili baadaye lilikuwa chafu kuliko kabla sijalifua. Kuna pia doa la mchuzi wa samaki, nilipolipaka sabuni likageuka jekundu. Mwanangu wa miaka mitatu hulala humo akiangalia katuni, mara nyingine anajikojolea, na siku hizi anakohoa usiku. Kijana anayeosha magari hapa jirani anataka elfu 15 kwa kila zulia. Kampuni yenye mashine inataka laki na nusu kwa yote mawili, na mume wangu anasema huo ni wizi. Nifanye lipi? Na ni kweli kwamba zulia likishaoshwa mara moja linaanza kushika uchafu haraka?”

Dada yangu, nianze na la pesa, maana naona ndilo linalowagombanisha hapo nyumbani. Zulia la manyoya lioshe mwenyewe. La marehemu mama usilitie maji, wala usimpe kijana wa magari hata akisema atakuoshea bure. Hilo ndilo la kulipia. Kwa hiyo laki na nusu haina haja ya kutoka yote, na mume wako naye asimwite mtu mwizi kabla hatujajua anachouza ni nini. Mimi nakula kwa kuosha mazulia ya watu, hivyo nikikwambia kazi fulani usitulipe, ujue nimeipima.

Lakini kabla ya mazulia, mtoto. Mtoe juu ya hilo la manyoya leo hii, usingoje siku ya kufua. Zulia lililokauka vibaya hubaki na ukungu tumboni, na ukungu hurusha hewani chembe usizoziona kila mtoto anapojigeuza. Wapo pia utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho, wanaokula vigamba vya ngozi tunavyopukutisha. Hawa hawanywi maji. Hunyonya unyevu wa hewani, ndiyo maana pwani wanastawi kuliko sehemu kavu kama Dodoma. Hawaumi mtu. Kinachosumbua vifua vya watoto ni kinyesi chao. Yote mawili yanaweza kuchochea kikohozi cha usiku, ila mimi ni fundi wa mazulia, siwezi kukwambia mwanao anakohoa kwa sababu gani. Mpeleke akasikilizwe kifua. Ukimwona anapumua kwa kasi, mbavu zinaingia ndani au kifua kinalia, usilale naye, nenda usiku huo huo. Na wakikwambia ni pumu au mzio, chumba anacholala kisiwe na zulia la aina yoyote. Sakafu ya tailizi na mkeka unaofutwa kwa kitambaa chenye maji vinatosha kabisa, na kwa joto la Dar vinapendeza zaidi. Nusu ya mazulia ya manyoya ninayoletewa yalinunuliwa kwa sababu yalionekana vizuri kwenye picha ya sebule ya mtu anayeishi kwenye baridi.

Sasa mwezi wa nne. Wengi wetu tunadhani kuosha zulia ni kulisugua. Kusugua ndiyo sehemu nyepesi, hata mtoto wa darasa la tano anaiweza. Kazi iko kwenye kutoa: utoe mchanga kabla ya maji, utoe sabuni baada ya kusugua, utoe maji kabla hayajavunda. Fundi yeyote mpime kwa hayo matatu, na wewe jipime kwa hayo hayo. Zulia lako lilisuguliwa vizuri tu, ila hakikutolewa kitu.

Ligeuze uangalie mgongo wake. Mazulia ya manyoya ya dukani hujengwa kwa tabaka. Manyoya yenyewe mara nyingi ni poliesta, plastiki ya jamii moja na chupa za maji ya kunywa. Yamechomekwa kwenye kitambaa cha kwanza, yakashikwa kwa gundi ya mpira, kisha kitambaa cha pili kikabandikwa nyuma kuficha mishono. Poliesta hainywi maji. Ukimwaga ndoo, maji yanateleza kwenye manyoya moja kwa moja hadi kati ya vile vitambaa viwili, na huko yanakaa. Ndiyo maana ulipopapasa juu siku ya pili ukaona linaelekea kukauka, kumbe chini bado bichi. Nawe ulilitundika ukutani katikati ya masika, hewa yenyewe imeshiba maji, upande mmoja umegusana na ukuta usiopitisha upepo. Kitu kikikaa kibichi namna hiyo zaidi ya siku moja au mbili, ukungu na bakteria huanza maisha. Lako lilikaa tatu. Harufu unayoisikia ni yao.

Ule utepe wa rangi ya chai nao una maelezo. Maji yote yalishuka upande wa chini, yakajikusanya. Ncha za manyoya zilipoanza kukauka zikavuta maji mengine kutoka tumboni, kama utambi unavyovuta mafuta ya taa, na maji hayo yakapanda na kila yalichokikuta njiani: vumbi lililozama, sabuni, na kama kitambaa cha nyuma ni juti, ile nyuzi ya magunia, basi na rangi yake ya kahawia. Maji yakapaa, mzigo ukabaki kwenye ncha. Hiyo pia ndiyo sababu doa ulilolifuta leo likaondoka kabisa hurudi kesho kutwa mahali pale pale. Watu husema doa limekaidi. Halikukaidi, lilikuwa chini na limepanda.

Na swali lako la mwisho, kama ni kweli zulia likioshwa linashika uchafu haraka. Si kweli, ila nawaelewa wanaosema, kwa sababu wanayoyaona ni ya kweli. Chembe ya sabuni ina pande mbili, mmoja hushika mafuta na mwingine hushika maji. Ikisuuzwa huondoka na uchafu wake. Ikiachwa kwenye nyuzi haistaafu. Inaendelea kushika mafuta ya nyayo, vumbi, makombo, kila kinachopita. Sabuni ya unga imetengenezwa kwa nguo zinazosuuzwa kwenye maji mengi mara kadhaa, na mwenye zulia zito hana subira hiyo. Jaribu hivi usiku huu: mwagia maji kikombe kimoja kwenye pembe ya zulia, sugua kwa vidole. Likitoka povu na hukutia sabuni, hilo ni povu la mwezi wa nne.

Tulioshe basi.

Siku ya kufua ni nusu ya kazi. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua zimekata na kusi linavuma vizuri. Huo ndio msimu wa mazulia hapa kwetu. Machi hadi Mei usijaribu kitu kinene. Nje ya hapo chagua siku ya jua na upepo, na uanze saa moja asubuhi. Anayeanza saa sita mchana ameshachelewa.

Kabla ya tone la maji, toa mchanga. Wewe wa Kigamboni hili lisome mara mbili. Punje ya mchanga wa pwani ni ngumu kuliko kisu chako cha jikoni, na ikikaa kwenye mashina ya manyoya kila mguu unaokanyaga unaisaidia kukata nyuzi. Mchanga huo ukikutana na maji unakuwa tope, na tope halitoki kwa kubembelezwa. Tundika zulia juu ya bomba au kamba imara, ulipige kwa fimbo upande wa mgongo. Vumbi likitulia, lilaze manyoya chini juu ya turubai, tembea juu yake peku, kisha linyanyue uone kilichobaki kwenye turubai. Utashangaa. Rudia mpaka turubai ibaki safi. Mashine ya kufyonza vumbi kama unayo ni nzuri, ila kwa manyoya marefu fimbo inaishinda.

Lilaze kwenye kibaraza ulichokwisha kukiosha, chenye mteremko, manyoya yakilalia kule maji yanakoelekea. Kwa kuwa lina sabuni ya zamani, mara ya kwanza mwagia maji matupu na ulisugue. Povu litakalotoka litakufanyia kazi kubwa bila gharama. Baadaye kama bado pana sehemu nyeusi, weka kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye ndoo ya lita 10. Kijiko kimoja, najua mkono utatamani kuongeza. Maji yawe ya bomba au vuguvugu. Yanayochemka yanalegeza gundi na kukunja manyoya. Tumia brashi laini kwa kufuata manyoya yanakolala. Fagio la chelewa liache, linavunja na kusokota nyuzi mpaka zulia linaonekana la miaka kumi.

Kusuuza ndiko kutakakokuchosha. Mpira wa maji juu, halafu kile kifaa cha mpira cha kusukumia maji sakafuni, kisukume kuelekea mteremko kwa nguvu, uone maji yanavyotoka. Tena mpira, tena kusukuma. Utajuaje umemaliza? Kinga maji yanayotiririka mwishoni mwa zulia kwenye glasi, izibe kwa kiganja, itikise. Povu likisimama, rudi. Maji yakitulia meupe, umemaliza. Ndoo ya mwisho unaweza kuitia nusu kikombe cha siki nyeupe, kwa sababu sabuni ya unga huacha magadi magadi kwenye nyuzi na siki huyazima.

Hapo kwenye siki nisimame kidogo. Kama siku hiyo umegusa jiki, siki isikaribie. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, ile inayochoma macho na kubana kifua. Jiki juu ya zulia lenye mkojo ni hatari vilevile, maana mkojo uliokaa huwa na amonia na vikichanganyika hutoa gesi nyingine ya sumu. Kwa ufupi jiki iache bafuni. Na ule mchanganyiko wa magadi na siki unaopendwa mitandaoni kwa sababu unachemka vizuri mbele ya kamera: vikikutana vinazimana, kinachobaki ni maji ya chumvi. Kimoja kimoja vina kazi yake.

Maji sasa. Usilikamue kwa kulisokota, gundi ya nyuma itakatika. Likunje kwa kulizungusha, manyoya yakiwa nje, uliegemee kwa magoti kuanzia katikati kwenda mwisho, maji yatoke nchani. Lifungue, sukuma tena. Kila lita unayoitoa kwa mkono ni kilo moja ambayo jua halitaibeba. Kulitundika, tumia kamba mbili au mabomba mawili yaliyoachana ili lipate upepo juu na chini, mgongo ukiangalia jua kwanza kwa sababu ndiko kuliko na maji, na jua kali huichosha rangi na poliesta yenyewe. Mchana ligeuze, likung'ute manyoya yaachane. Jua likizama na bado lina unyevu, liingize ndani, liweke juu ya viti au ndoo zilizopinduliwa, uwashe feni ipige kwa chini. Usilirudishe sakafuni kwa kukisia. Chukua karatasi ya chooni, itie kati ya manyoya hadi kwenye shina, ikandamize kwa goti kwa dakika moja. Ikitoka kavu, zulia limekauka.

Lile doa la mchuzi lililogeuka jekundu halikuharibika. Rangi ya manjano, kiungo cha kupikia, hubadilika ikikutana na kitu chenye ualkali kama sabuni ya unga: njano inakuwa nyekundu ya damu ya mzee. Siki kidogo iliyochanganywa na maji itairudisha njano mbele ya macho yako. Na njano hiyo inaogopa jua. Baada ya kufua, sehemu hiyo peke yake iache iangalie jua siku mbili tatu, itapauka. Hapa ndipo mahali pekee ninaposema manyoya yaachwe juani kwa makusudi. Mafuta ya mchuzi ni jambo jingine. Poliesta inapenda mafuta kuliko maji, hivyo yanaweza kuacha kivuli kidogo hata ukifanya kila kitu sawasawa.

Mkojo wa mtoto, ukiuwahi, ni kazi ya dakika kumi: kitambaa kikavu, ukandamize kwa uzito wako wote, mwagia maji kidogo, ukandamize tena, rudia. Usisugue, utausambaza. Uliozeeka umeshazama hadi kwenye kitambaa cha nyuma na kuacha chumvi zinazonyonya unyevu, ndiyo maana harufu hurudi siku ya mvua hata kama hakuna aliyejikojolea. Huo hautoki kwa kufuta juu. Unatoka kwa kufua zulia zima kama nilivyoeleza.

Na ukishafua kwa utaratibu huu, likakauka siku hiyo hiyo, na bado linanuka? Au mgongoni pana madoa meusi ya ukungu, au vitambaa vya nyuma vinaachana ukivuta kwa vidole? Basi limekwisha. Usimlipe mtu kulifufua, mimi nikiwemo. Linganisha bei ya kufua na bei ya jipya. Mazulia haya hayatengenezwi ya kurithishana.

Kijana wa magari. Simkatai kwa sababu ya elfu 15 zake, namkataa kwa sababu ya presha. Ile mashine imetengenezwa kung'oa tope kwenye chesisi. Kwenye zulia inang'oa uchafu wa juu, inaufanya uonekane unaruka, na papo hapo inausukuma mchanga na maji ndani ya tabaka kwa nguvu ambayo mkono wako usingeweza. Sabuni yake ni ya magari, sakafu yake ina oili, na akimaliza analitundika kwenye ukuta kama ulivyofanya wewe, isipokuwa hatalilinda mvua ikija. Zulia jembamba la plastiki la barazani, lile la bei ya chini lisilo na kitambaa cha pili, mpe tu. Hapo hakuna cha kuharibika.

Kampuni sasa, na hapa mume wako anisikilize. Mashine wanayokuja nayo, kama ni yenyewe, hunyunyiza maji ya moto yenye sabuni na papo hapo kuyanyonya na uchafu wake. Watu huiita ya mvuke, lakini ni maji ya moto na kufyonza. Thamani yake iko kwenye kufyonza, kitu ambacho wewe nyumbani unahangaika nacho kwa magoti. Zulia lililobandikwa ukuta hadi ukuta halina njia nyingine, maana huwezi kulitoa nje, na kulimwagia ndoo ni kulizika. Hata hivyo mashine haikaushi. Huacha unyevu unaotaka muda wa saa 6 hadi 12 na madirisha wazi, pwani wakati mwingine zaidi. Na mashine nzuri kwa mtu mvivu ni hasara: akiruka kufyonza vumbi kabla, akazidisha sabuni, akaondoka bila kupitisha maji matupu, utarudi pale pale pa wiki mbili. Kwa zulia lako la manyoya, unaloweza kulitoa uani na kulitundika, unalipia nguvu za mikono tu. Kama mgongo unakuuma, au huna uani, au maji kwenu ni ya kununua kwa dumu, hiyo si pesa iliyopotea. Ila sioni kwamba huna nguvu.

Tumalizie na la mama, ambalo limenitia wasiwasi tangu nilipolisoma kwenye swali lako. Kwanza hakikisha ni sufu. Vuta uzi mmoja mdogo pembeni, ushike kwa kibano ukiwa nje na bakuli la maji karibu, uwashe. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalovunjika kwa vidole. Plastiki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ikiungua kwa haraka bila kuyeyuka na kunuka karatasi, ni pamba au viskosi, nyuzi zinazotengenezwa kiwandani kutokana na mbao, na viskosi ikilowa hudhoofika vibaya. Kisha ligeuze. Ukiona ua lile lile la mbele limejitokeza nyuma fundo kwa fundo, na mashada ya mwisho si ya kushonewa bali ni nyuzi za zulia lenyewe zilizotokeza, basi limefumwa kwa mkono, pengine Uajemi au Pakistani, Maskati palikuwa sokoni tu. Jingine kama hilo hupati Kariakoo.

Sufu ni nywele. Inaweza kubeba unyevu mwingi kabla mkono haujahisi, inasinyaa ikikandwa kwenye maji ya moto, haipatani na sabuni ya unga, na kwenye jiki kali uzi wake hulainika kisha ukayeyuka kabisa. Rangi nyekundu za zamani nazo zina tabia ya kutoka. Chovya kitambaa cheupe kwenye maji, kikamue, kikandamize juu ya sehemu nyekundu kwa dakika chache. Kikitoka na wekundu, hakuna mtu wa kulitia maji hapo nyumbani, hata kwa kitambaa.

Unachoweza kulifanyia mwenyewe ni kulilaza kifudifudi juu ya shuka safi, kulipigapiga mgongo kwa mkono wazi, kuzoa mchanga, kuligeuza upande kila miezi michache ili jua na miguu visile pembe moja. Chungulia sehemu iliyo chini ya kochi. Viwavi vya nondo hula sufu na hupenda giza lisilosumbuliwa. Ukiona vipara vidogo na kitu kama unga wa mchanga mchanga, hapo usingoje. Vidonge vya nafthalini usivitawanye kwenye nyumba yenye mtoto mdogo.

Kufua kwake ni kwa karakana, si kwa mashine ya kuja nyumbani. Karakana inayojua kazi huwa na mahali pa kupigia vumbi, maji ya kumwaga, na mashine ya kuzungusha inayokamua zulia hadi linabaki na unyevu kidogo. Nenda ukaone kwa macho. Waulize wanatumia sabuni gani kwenye sufu na wasikilize kama wanatofautisha na ya mazulia mengine. Waulize wanapima rangi kabla au baada. Waulize linakaukia wapi na kwa muda gani. Anayejibu kwamba dawa yake inaua kila kitu na inatoa kila doa, mshukuru uende zako. Usiku kabla ya kulipeleka, lipige picha mbele, nyuma na kwenye pembe zote, ulipime urefu na upana kwa futi, maana mazulia mekundu hufanana na hubadilishana kwenye karakana bila mtu kukusudia. Kampuni iliyokutajia laki na nusu ikijibu haya vizuri, waombe bei ya hilo moja tu, waiandike kwenye risiti pamoja na vipimo na kasoro zilizopo, kabla zulia halijatoka mlangoni kwako.